Somo: maua madogo ya kujazia yasife kabla ya shughuli

Haya jamani, mliniomba somo la yale maua meupe madogo madogo ya kujazia mashada, jipsofila, leo nimepata nafasi mvua imenifungia ndani hapa Ngamiani.

Kwanza kununua. Usichukue fungu lililochanua lote eti linapendeza, hilo umri limeshaumaliza. Chukua lenye kama nusu yamefunguka na nusu bado vitumba, litikise kidogo, likimwaga vipunje vya kahawia mrudishie mwenyewe. Nusa na katikati, ukungu unaanziaga huko.

Ukifika nyumbani fungua karatasi hapohapo, mana yametoka Arusha kwenye basi yamebanwa yanatoa jasho na joto letu la Tanga mnalijua. Chambua taratibu kuanzia kwenye mashina, yakishikana usivute. Toa majani yatakayozama, kata shina mshazari kama sentimita 2, tumbukiza kwenye ndoo safi. Mi lita 1 ya maji naweka kijiko cha chakula cha sukari na matone machache ya jiki, sukari inafungua vitumba, jiki inazuia maji kuoza. Sukari peke yake usithubutu, hapo umewapikia bakteria uji. Maji badilisha kila siku mbili na shina ukate tena.

Sasa hapa ndo wengi tunaumia. Kuna harusi niliweka ndoo chumba kimoja na mkungu wa ndizi mbivu na tenga la embe, asubuhi vitumba vyote vimesinyaa, nikamwakia muuzaji kwenye simu mpaka basi, kumbe matunda yakiiva yanatoa gesi ya ethilini na jipsofila haiiwezi kabisa. (Nilimwomba radhi, akanipunguzia bei mara iliyofuata.) Kwenye friji yenye matunda ni hivyohivyo.

MASWALI

Dada, nikiyapulizia maji juu si yanakaa fresh?
Hapana mpenzi, kwa unyevu huu wa pwani unaita ukungu. Yapishe hewa tu.

Mwalimu, asumini naweza kujazia badala yake?
Kwenye kikuba sawa, kwenye chombo cha maua hapana, haimalizi siku. Chuma vitumba jioni, funga kwenye kitambaa kibichi, vitafunguka usiku.

Yakibaki nifanyeje shoga?
Funga mafungu membamba, ning'iniza kichwa chini penye giza na upepo. Ila yafanye yakiwa bado mazuri, usisubiri yafubae ndo ukumbuke kukausha.