Somo: Jicho la boksi, namba ya miwani na kioo

Vifaa: lenzi ya miwani ya kusomea ya +4.00 na nyingine ya +1.00 (wachuuzi wa stendi za teksi huwa nazo), maboksi mawili ya kadibodi yanayoingiana, kila moja refu sm 20, karatasi nyeupe nyembamba, mafuta ya kupikia kijiko kimoja, rula, gundi ya utepe, kioo cha kujitazamia, mshumaa.

Hatua ya 1. Hakiki namba ya lenzi. Simama ndani ya chumba chenye giza, lenzi ikitazama dirishani. Isogeze karibu na ukuta wa pili mpaka mnara wa mbali, tuseme ule wa kilima cha Kololo kwa walio Kampala, utulie ukutani. Pima kutoka lenzi hadi ukutani, kisha gawanya 100 kwa sentimita ulizopata. Sm 25 ni +4.00. Ukipata sm 28, lenzi ni kama +3.50, hata kama kibandiko kinasema vingine. Usiielekeze juani kamwe: lenzi hii hulikusanya jua lote katika doa la mm 2 hivi, na doa hilo huunguza karatasi, sembuse jicho.

Hatua ya 2. Unda. Toboa tundu mbele ya boksi la nje, dogo kidogo kuliko lenzi, ubandike lenzi hapo. Nyuma liache wazi. Boksi la ndani liwe wazi mbele, na nyuma liwe na karatasi uliyoipaka mafuta mpaka ikang'aa kama ya kufungia chapati. Futa mafuta yaliyozidi. Hiyo ndiyo retina yako, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ziba kila mwanya kwa gundi, kwa sababu mwanga unaopenya pembeni ndio unaoharibu kazi za wengi: picha ipo, ila imefifia mpaka haionekani. Ukitazama, jifunike shuka kichwani.

Hatua ya 3. Mbali na karibu. Karatasi ikiwa sm 25 kutoka lenzi, mnara unaonekana safi, kichwa chini. Weka mshumaa m 1 mbele ya lenzi: mwali unageuka doa la ukungu. Vuta boksi la ndani hadi sm 33 na mwali unatulia, hata utambi mweusi unauona.

Sasa rudisha sm 25, ushike lenzi ya +1.00 ikigusana na ya +4.00. Mwali unatulia tena, na mshumaa haukusogea. Hapa ndipo pa kukaa, kwa kuwa jicho haliwezi kuvutwa kama boksi. Urefu wake ni mm 24 hivi, haubadiliki unapotazama karibu. Linachoongeza ni namba. Msuli unabana, lenzi inanenepa. Kwa jumla jicho lina namba kama 60, na theluthi mbili zake ni kazi ya konea, ngozi angavu ya mbele. Lenzi ya ndani inarekebisha tu. Baada ya miaka 40 inakuwa ngumu, ndipo miwani ya kusomea inapoziba pengo.

Asiyeona mbali ana jicho refu kupita kiasi. Liache boksi kwenye sm 33 bila +1.00, utazame mnara: ukungu mtupu. Boksi hilo linahitaji lenzi ya −1.00.

Hatua ya 4. Kioo. Weka kioo sm 50 mbele ya lenzi, kikiinama kidogo, na mshumaa kando, sm 50 kutoka kwenye kioo. Mwali utatulia kwenye sm 33 ileile, kana kwamba mshumaa uko m 1. Alama ya kidole iliyo juu ya kioo haitaonekana vizuri, maana yenyewe iko sm 50. Ndiyo sababu chumba cha m 3 kinatosha kupima macho kwa m 6, mradi kuna kioo na herufi zimegeuzwa.

Maswali ya wanachama, kila moja na mji lilikotoka

*Arua: Mwalimu, kama retina hupokea picha kichwa chini, mbona hatuoni hivyo?*
Kepler, mwanaastronomia wa Kijerumani, alilieleza hilo la picha kupinduka mwaka 1604. Ubongo hautazami picha. Unapokea taarifa za neva na kuzilinganisha na mkono unavyogusa. Chini ya retina kwake ni juu.

*Mbale: Katikati ni safi, pembeni pamevurugika.*
Lenzi moja huwa hivyo. Funika kwa kadi yenye tundu la sm 1. Picha itapungua mwanga lakini itakaza, kama mboni inavyosinyaa mchana.

*Jinja: Lenzi ya kutoa (yenye alama ya −) nitaipimaje, na haitoi picha ukutani?*
Iunganishe na ya +4.00. Picha ya mnara ikihama kutoka sm 25 hadi sm 33, jumla ni +3.00, kwa hiyo yako ni −1.00.

*Fort Portal: Mzee wangu anaona ukungu, nimpimie hivi nimnunulie miwani?*
Hapana, ndugu. Hapa umepima lenzi, hukupima jicho. Ukungu unaweza kuwa mtoto wa jicho, na huo hauondoki kwa namba yoyote. Mpeleke kliniki ya macho. Ukungu ukiwa umekuja ghafla au una maumivu, mpeleke leo.