SOMO: Kuing'oa programu ya "afya ya kompyuta" iliyokugandia, na kuipima mashine bila yenyewe

Habari za jioni wakuu.

Hii ni mashine ya tatu wiki hii kutua mezani kwangu na ugonjwa uleule. Kona ya chini kulia kinachomoza kidirisha chekundu: makosa 1,847 yamegunduliwa, kompyuta yako iko hatarini. Chini yake kuna kitufe kikubwa cha kijani cha kurekebisha. Mwenye mashine alishabofya, akaambiwa alipie kwa dola, akagoma, na tangu hapo hana amani. Anaandika barua, kidirisha hicho. Anafungua mahesabu ya duka, hicho tena. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, naweka hapa kila kitu kwa pamoja.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Makosa 1,847 si uongo mtupu, na ndiyo maana watu wanaingia mtegoni. Programu hizi huhesabu kila kuki ya brauza (kijifaili ambacho tovuti huacha kwenye mashine) kuwa kosa, kila faili la muda kuwa kosa, kila mstari uliobaki kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake) baada ya kuondoa programu ya zamani kuwa kosa. Mashine yoyote iliyotumika miezi miwili ina maelfu ya vitu hivyo na haiumwi. Ni sawa na mtu aingie nyumbani kwako, ahesabu punje za vumbi, kisha akuambie nyumba inaanguka.

Na kuna zinazodanganya waziwazi. Kisa ninachokipenda kuwasimulia wateja ni cha Office Depot, maduka makubwa ya vifaa vya ofisi kule Marekani. Kuanzia 2009 hadi Novemba 2016, ukipeleka kompyuta yako dukani walikuwa wanaipima bure kwa programu iliyoitwa PC Health Check, iliyotoka kwa kampuni ya Support.com. Kabla ya kipimo, mhudumu alikuuliza maswali manne: mashine imekuwa nzito? Unapata maonyo ya virusi? Inazima au kuganda ovyo? Yanachomoza matangazo? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, mhudumu anaweka tiki, na programu ilikuwa inaleta jibu kwamba kuna dalili za programu hasidi. Jibu lilitoka kwenye ile tiki, kipimo hakikuhusika kabisa. Kisha unauziwa matengenezo ya hadi dola mia kadhaa. Machi 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Office Depot italipa dola milioni 25 na Support.com milioni 10 kumaliza kesi. Machi 2024 ikafuata kesi ya Restoro na Reimage, kampuni za Cyprus, waliokubali kulipa dola milioni 26. Hao walidaiwa kutoa vidirisha vilivyofanana na vya Windows yenyewe, wakiuza programu, kisha kukupigisha simu wakuuzie na huduma za "fundi" wao.

Hayo yalifanywa na watu wenye ofisi na risiti. Sasa pima mwenyewe hiyo uliyoshusha pamoja na kraki (ya kutumia programu ya kulipia bila kulipa).

HATUA YA 1. Jua kama ni programu kweli. Karibu nusu ya mashine ninazoletewa hazina programu yoyote, ni tovuti tu iliyopewa ruhusa ya kutuma taarifa. Siku moja ulibofya "Allow" ili uangalie mpira, basi. Funga brauza yote. Kama vidirisha vimekoma, umempata mwizi. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications pale pa anwani, kwenye Edge badilisha neno la mwanzo tu liwe edge. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Futa zote usizozijua. Kama ni ukurasa uliojaza skrini nzima na kupiga king'ora, kandamiza Esc kwa muda, au bonyeza Ctrl+Shift+Esc uiue brauza kutoka kwenye Task Manager (orodha ya programu zinazofanya kazi). Ukiifungua tena, usikubali ikurudishie kurasa za mwanzo.

HATUA YA 2. Kama vidirisha vinaendelea, ni programu. Zima waifai au chomoa modemu, ili isishushe wenzake wakati unaipiga vita. Fungua Task Manager, itafute, bofya kulia uchague "Open file location". Andika mahali folda ilipo, kwa kalamu, kwenye karatasi. Utanishukuru hatua ya 4. Kisha iue.

HATUA YA 3. Bonyeza Windows+R, andika appwiz.cpl, Enter. Panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanaondoa ile moja yenye jina wanalolijua na kuacha ndugu zake. Hizi programu huja kwa familia. Angalia siku iliyoingia, na uone nani wengine waliingia siku hiyohiyo: kisasishaji cha draiva (programu za kuendesha vifaa), kiongeza kasi, brauza ya ajabu. Ondoa wote. Wakati wa kuondoa soma kila dirisha polepole, maana itakubembeleza, itakupa punguzo, na kitufe cha "baki nasi" kitawekwa pale ambapo kidole kimezoea kukuta "endelea". Ukimaliza, zima na kuwasha.

HATUA YA 4. Mizizi. Ikirudi baada ya kuwasha, sababu karibu kila mara ni kazi iliyopangwa, yaani amri ya kuifungua programu yenyewe kwa saa fulani. Windows+R, andika taskschd.msc. Pitia orodha ya kushoto, na kwa kila kazi usiyoielewa tazama sehemu ya "Actions" uone inafungua faili gani. Ikielekea kwenye ile folda uliyoandika kwenye karatasi, ifute. Zilizo ndani ya folda ya Microsoft ziache zilivyo, ukifuta ovyo utakuja kunilaumu. Kisha rudi Task Manager, sehemu ya "Startup", zima chochote cha familia ile. Mwisho futa folda yenyewe, na chungulia pia %appdata%, %localappdata% na %programdata% kwa kuziandika kwenye Windows+R.

HATUA YA 5, kwa ile sugu inayosema faili linatumika. Shikilia Shift huku unabofya "Restart", pita "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", bofya "Restart", halafu orodha ikitokea bonyeza 4. Hiyo ni Safe Mode, Windows inawaka na vitu vyake vya lazima tu. Rudia hatua ya 3 na 4 humo. Tahadhari: kama mashine ina BitLocker (kufuli la Windows la diski) inaweza kukudai namba ndefu ya kufungulia. Itafute kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft, kabla hujaanza.

HATUA YA 6. Rudisha intaneti, shusha AdwCleaner, kifagio cha programu zisizotakiwa, kutoka tovuti ya watengenezaji wake Malwarebytes, ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Iache ifagie. Kisha fungua Windows Security, chagua kipimo cha Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kuwaka kwenye kipimo, huchukua kama dakika 15. Chomeka chaja, na kama kwenu umeme una tabia zake, chagua saa nzuri. Ukitoka humo washa ulinzi dhidi ya programu zisizotakiwa, uko kwenye "App & browser control". Microsoft yenyewe tangu Machi 2018 inazihesabu programu za usafi zinazotisha watu ili walipe kuwa za kuondolewa.

Sasa afya yenyewe. Vipimo vya kweli viko ndani ya Windows na havidai hata senti. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Hizo mbili hukagua na kukarabati mafaili ya mfumo, na ya kwanza hutumia intaneti kidogo, kwa hiyo angalia bando. Betri: powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Diski: CrystalDiskInfo, ya bure. Ikikuandikia "Caution" au "Bad", acha kila kitu, nakili mafaili yako leo usiku. Hapo ndipo ningetamani watu waogope, lakini hawaogopi, kwa sababu hakuna king'ora.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Steshenari: Fundi, umechelewa, mimi nililipa kwa kadi mwezi uliopita. Nifanyeje?

Jibu: Pole mama. Piga simu benki yako, namba ya nyuma ya kadi, siyo namba iliyoandikwa kwenye kidirisha. Waambie wafunge kadi na uwaeleze unapinga malipo hayo. Nyingi ya programu hizi zinajilipisha upya kila mwaka bila kukuuliza, kwa hiyo hata kama hasara ya kwanza umeisamehe, ya pili inakuja. Je, kuna mtu aliwahi kuingia kwenye mashine yako kutoka mbali?

Mama Steshenari: Ndiyo, alinielekeza niweke AnyDesk, ile ya kuendesha mashine kutoka mbali. Aliongea kwa upole sana.

Jibu: Basi toa mashine kwenye mtandao sasa hivi. AnyDesk si programu mbaya, ubaya ni nani umempa ufunguo. Chukua simu yako, badilisha nywila ya baruapepe kwanza, kisha za benki na nyingine. Usizibadilishie kwenye mashine hiyo. Na kwa kesi kama hii nakushauri usiishie kwenye hatua zangu, nakili nyaraka zako tu, Windows iwekwe upya.

Mwalimu wa Sayansi: Mkuu, kwangu kuna PC Health Check ya Microsoft na sikuiweka mimi. Ni hizohizo?

Jibu: Hapana mwalimu, jina tu ndilo limefanana na ile ya Office Depot. Hiyo ni ya Microsoft kweli, ilisambazwa kwa wenye Windows 10 kupitia masasisho. Kazi yake hasa ni kukuambia kama mashine inafaa Windows 11. Nayo ilianza vibaya: ilipotoka Juni 2021 ilikuwa inawaambia watu mashine yako haifai, bila kusema kwa nini, Microsoft wakaiondoa kwa muda na kuirudisha baadaye mwaka huohuo ikiwa na maelezo. Kwa baadhi tatizo lilikuwa TPM 2.0 (chipu ya usalama) au Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) iliyozimwa tu kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Andika tpm.msc kwenye Windows+R utaona hali ya TPM mwenyewe. Huitaki, iondoe kwa appwiz.cpl, hakuna kitakachoharibika. Ila kumbuka msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025.

Mzee wa Usafi: Mimi natumia CCleaner, programu ya usafi, miaka kumi, haijawahi kunisumbua. Unatisha watu.

Jibu: Sijaitaja, mkuu. Siiweki kundi moja na hizo za vidirisha vyekundu. Lakini kwa kuwa umeileta: mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wake, na toleo 5.33 likatoka tovuti halali kabisa likiwa na mlango wa nyuma (njia ya siri ya wadukuzi kuingia), likafika kwenye mashine zaidi ya milioni mbili. Na kuhusu kusafisha rejista, Microsoft hawaungi mkono programu hizo. Faili za muda unaweza kuzifuta kwa zana ya Windows yenyewe.

Jirani wa Mtaa wa Pili: Kuna jamaa alinifungulia Event Viewer, ile kumbukumbu ya matukio ya Windows, nikaona alama nyekundu zimejaa. Akasema mashine inakufa.

Jibu: Fungua Event Viewer kwenye mashine mpya iliyotoka kwenye boksi juzi, alama nyekundu zipo. Ile ni daftari la zamu, kila kitu kinaandikwa humo, hata huduma iliyochelewa sekunde mbili kuamka. Matapeli wa simu wanaipenda kwa sababu hiyo. Mashine yako ilikuwa na shida gani kabla hajaifungua?

Jirani wa Mtaa wa Pili: Hakuna. Nilitaka aniwekee printa tu.

Fundi Chipukizi: Kaka, nimefuata hadi ya 6, vidirisha vimekwisha kabisa. Ila mashine bado nzito, inachukua dakika tano kuwaka.

Jibu: RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ngapi, na diski ni ya aina gani?

Fundi Chipukizi: RAM GB 4, diski ile ya kuzunguka, inaunguruma.

Jibu: Huo uzito ulikuwepo kabla ya programu, ndiyo uliokufanya uitafute. Weka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi), hata ya GB 240. RAM ifuate ukipata. Na kabla hujafungua mfuniko, nakili mafaili, diski inayounguruma haina subira.