Matone ya Usingizi Yaitwayo CBN: Soma Chupa, Kisha Soma Viza Yako

Aliyewahi kufanya zamu ya usiku ughaibuni anaijua saa tatu asubuhi. Umetoka kazini, pazia umeshusha, mwili hoi, lakini macho yamekodoa dari. Ndipo mwenzako wa kazini anapokunong'oneza habari za peremende fulani za kutafuna: "Si bangi hizi, ni CBN tu. Kula moja, utalala fofofo." Mimi nilipewa mbili zilizofungwa kwenye tishu, bila kopo wala lebo. Sikuzila, na nisijisifu kwa hilo: wiki ile nilikuwa na kipimo cha mkojo kwa ajili ya kazi mpya, nikaogopa. Nikaanza kusoma.

CBN ni kifupi cha kanabinoli. Ni mojawapo ya kanabinoidi, kemikali zaidi ya 100 zinazopatikana kwenye mmea wa bangi. Mbili kati yake zina majina makubwa: THC, ambayo ndiyo inayolevya, na CBD, ambayo hailevyi. CBN yenyewe mmea hauitengenezi kwa kiasi cha maana. Huzaliwa THC inapozeeka, kwa kuliwa polepole na hewa, mwanga na joto. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1999 vilionyesha kwamba bangi iliyowekwa kwenye joto la kawaida la chumba hupoteza takriban asilimia 17 ya THC yake mwaka wa kwanza, na zaidi ya asilimia 40 ikifikisha miaka 4. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara akilinganisha CBN na THC anaweza kukadiria umri wa bangi. Hata ile ya miaka 2,700 hivi iliyofukuliwa kaburini karibu na Turpan, magharibi mwa China, ilikutwa na CBN.

Ajabu ni kwamba hii "mpya" ndiyo kongwe. Wanakemia wa Cambridge waliipa jina mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1940 timu za Roger Adams huko Marekani na Alexander Todd huko Uingereza zilikuwa zimeshaiunda maabara. THC ilisubiri hadi 1964, ilipotengwa na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israeli. Kwa miaka mingi watu walidhani CBN ndiyo inayolevya. Walikosea: inashika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na THC, lakini kwa mkono dhaifu sana. Dhaifu haina maana ya kutoshika kabisa, na hilo litaturudia tukifika kwenye sheria.

Je, inaleta usingizi kweli?

Sifa ya usingizi ilitokana na wavutaji kuona kwamba bangi iliyokaa muda mrefu huwapa uzito wa macho. Wakahitimisha: bangi nzee ina CBN nyingi, basi CBN ndiyo inayolaza. Hoja inapendeza masikioni, ila bangi nzee ina mengine mengi yaliyobadilika. Mwaka 1975 watafiti waliwapa wanaume 5 CBN peke yake, THC peke yake, kisha zote mbili pamoja. Waliopata mchanganyiko walijisikia wazito na wenye usingizi zaidi. CBN peke yake haikufanya la kusimulia. Watu 5 tu! Kwa miongo kadhaa matangazo mengi yamesimama juu ya mabega ya wanaume hao watano, tena kwa kuyasoma matokeo yao kichwa chini.

Ushahidi bora kidogo umekuja juzijuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwagawa kwa kura watu wazima waliolalamikia usingizi mbovu: wengine wakapewa miligramu 20 za CBN kila usiku, wengine dawa bandia isiyo na kitu, na wengine CBN iliyochanganywa na CBD. Waliopata CBN waliamka mara chache zaidi usiku na usumbufu wa usingizi kwa jumla ukapungua. Lakini hawakulala upesi zaidi, na uchovu wa mchana ulibaki palepale. Kuongeza CBD hakukuleta faida yoyote. Mwaka uliofuata watafiti wa Sydney waliripoti kwamba CBN iliongeza usingizi wa panya, na kwamba huenda kazi hiyo inafanywa pia na kemikali ambayo mwili huitengeneza baada ya kuisaga CBN.

Kwa hiyo, kama shida yako ni kuamkaamka, kuna dalili ya msaada mdogo. Kama shida yako ni ile ya kukodolea dari saa tatu asubuhi, utafiti huo haukuahidi kitu. Wauzaji hawakuambii tofauti hiyo, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote.

Matumizi mengine nitayapitia haraka. Maabara imeonyesha CBN ikiua bakteria sugu kwenye vyombo vya kioo, panya waliopewa walikula zaidi, na krimu yake imejaribiwa kwa wagonjwa wa epidamolisisi bulosa, ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ichubuke kwa kuguswa tu. Kuhusu wasiwasi na maumivu, ambayo lebo hupenda kuyataja, ushahidi kwa binadamu ni mwembamba. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa yenye CBD mwaka 2018 kwa aina fulani za kifafa. CBN haina idhini ya namna hiyo kwa ugonjwa wowote.

Chupa chini ya taa

Tuchukue chupa ya kawaida ya matone: mililita 30, na mbele imeandikwa "CBN 300 mg". Gawanya: kila mililita ina miligramu 10. Kidonyezi, kile kibomba cha kudondoshea matone, kikijaa huwa ni mililita moja, basi kufikia zile 20 za utafiti utahitaji vidonyezi viwili, na chupa nzima itakutosha usiku 15. Mara nyingi hesabu hiyo tu inamaliza hamu ya kununua.

Sasa geuza chupa. Pembeni, kwa herufi za kutesa macho, utakuta "THC chini ya 0.3%". Mtu akiona sifuri nukta tatu anaona sifuri. Mafuta ya mililita 30 yana uzito wa gramu 28 hivi. Asilimia 0.3 ya hizo ni miligramu 84 za THC. Kiasi hicho, kikimezwa kidogo kidogo kila usiku, kinatosha kabisa kukuangusha kwenye kipimo cha mkojo.

Bidhaa ya heshima ina cheti cha maabara huru, ambacho kwa kawaida unakipata kwa kupiga picha ule mraba wa nukta nyeusi kwenye lebo. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye cheti na ile ya chupa yako. Zisipofanana, cheti hicho ni cha chupa ya mtu mwingine. Tafuta mstari wa THC. "ND" maana yake haikuonekana, lakini angalia pia kiwango cha chini ambacho mashine yao inaweza kuona, kwa sababu mashine butu haioni mengi. Kisha tazama kama wamepima risasi na metali nyingine, viuatilifu na mabaki ya kemikali za kukamulia. Mmea huu hufyonza metali kutoka udongoni kwa bidii, na CBN nyingi sokoni hutengenezwa kwa kugeuza CBD au THC kiwandani, kwa hiyo mabaki si jambo la kubuni.

Neno moja la pembeni: lebo nyingi husema mafuta yametokana na "hempu", yaani aina ya mmea wa bangi yenye THC kidogo sana. Wengine hutafsiri "katani", lakini kwa wengi wetu katani ni mkonge, na mkonge hauna CBN hata chembe.

Sheria ya mahali ulipo

Hapa ndipo mgeni anapotofautiana na mwenyeji. Mwenyeji akikosea huenda akalipa faini tu. Wewe unaweza kulipa kwa kibali cha kuishi.

Uingereza ndiko watu wanakokosea zaidi, kwa sababu CBD imejaa madukani na wanadhani CBN ni mdogo wake. Kisheria sivyo. Kanabinoli imetajwa kwa jina kwenye sheria ya mwaka 1971 ya dawa za kulevya, na iko daraja B, sawa na bangi yenyewe. Kumiliki dawa ya daraja hilo kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha hadi miaka 5. Bidhaa huachwa iwapo, pamoja na masharti mengine, chombo kizima hakina zaidi ya miligramu 1 ya kanabinoidi iliyopigwa marufuku. Rudi kwenye chupa yetu: CBN 300. Usiagize mtandaoni kutoka Marekani ukidhani posta haijui.

Marekani sheria ya kilimo ya mwaka 2018 iliruhusu hempu yenye THC isiyozidi asilimia 0.3, na CBN ikapita kwenye mlango huo, ingawa majimbo yana masharti yake. Mlango unafungwa: sheria iliyotiwa saini Novemba 2025, ya kuanza kutumika baada ya mwaka mmoja, inaweka kikomo cha miligramu 0.4 za THC kwa chombo na kuziondoa kanabinoidi zilizotengenezwa nje ya mmea. Kumbuka tulivyosema kuhusu CBN ya kiwandani.

Zaidi ya hayo, kwa asiye raia, bangi bado ni kosa kwa sheria za serikali kuu hata pale jimbo linapoiruhusu. Tangu Aprili 2019 mwongozo wa idara ya uhamiaji unasema wazi kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kukukosesha uraia kwa hoja ya tabia njema, hata kama jimbo lako linaiuza dukani. Kukiri tu kwamba umetumia, bila kuwahi kushtakiwa, kunaweza kukuletea balaa mpakani. CBN safi ya hempu ni jambo jingine kisheria, lakini afisa hana muda wa somo la kemia, na peremende isiyo na lebo haina wakili. Kama ombi lako la makazi au uraia bado liko mezani, ushauri wangu ni mfupi: achana nayo kwanza.

Kanada bangi ni halali tangu 17 Oktoba 2018, na CBN huuzwa kwenye maduka yenye leseni. Kuivusha mpaka, kuingia au kutoka, ni kosa, hata ukiwa na cheti cha daktari wa huko. Hong Kong ilipiga marufuku hata CBD kuanzia 1 Februari 2023. Ghuba usijaribu kabisa. Mwaka 2021 kocha mmoja wa kandanda, Mwingereza, alihukumiwa Dubai kifungo cha miaka 25 kwa vichupa vya kimiminika cha sigara ya kielektroniki chenye CBD vilivyokutwa kwenye gari lake. Baadaye adhabu ilipunguzwa, lakini jela alikuwa ameshaionja.

Kazi ina sheria zake pia. Madereva wa malori Marekani walitahadharishwa na Wizara ya Uchukuzi mwaka 2020 kwamba "nilitumia CBD tu" haitakubaliwa kama utetezi THC ikionekana. Isitoshe, CBN yenyewe inaweza kukidanganya kipimo cha awali cha mkojo kikasoma kama bangi. Kipimo cha pili cha maabara kinaweza kutenganisha, lakini wewe utakuwa umeshasimamishwa kazi unasubiri majibu. Wauguzi na wahudumu wa nyumba za wazee, hili linawahusu.

Mwambie daktari, lakini ujue ni daktari yupi

Ukiwa mahali inaporuhusiwa na umeamua kujaribu, anza na kiasi kidogo, miligramu 5 hivi, usiku ambao kesho yake huendeshi gari wala huna zamu. Ikimezwa huchukua nusu saa hadi saa mbili kufanya kazi; wengi hujiongezea ya pili wakidhani ya kwanza imekataa, kisha zote mbili zinafika pamoja. Usichanganye na pombe, vidonge vya usingizi wala dawa kali za maumivu. Mjamzito na anayenyonyesha waiache. Peremende zifungiwe mahali mtoto hafiki, maana kwake ni peremende tu.

Ini huisaga CBN kwa vimeng'enya vilevile vinavyosaga dawa nyingi za hospitali. Anayetumia wofarini ya kuzuia damu kuganda, dawa za kifafa, au dawa za moyo amuulize mfamasia kwanza, chupa ikiwa mkononi. Na anayekoroma kwa nguvu na kuamka akihema apimwe tatizo la kukatika pumzi usingizini kabla ya kutafuta cha kumlaza zaidi.

Daktari wako wa kawaida hutunza siri, mwambie kila kitu. Daktari anayekupima kwa ajili ya uhamiaji ni mwingine: anajaza fomu ya serikali, na maswali ya dawa za kulevya yamo. Kumdanganya ni kosa kubwa kuliko lile unaloficha. Ukiwa na jambo la kueleza, muone wakili wa uhamiaji kabla ya siku ya kipimo, si baada.

Siku ya kurudi nyumbani kusalimia, kagua mizigo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994 na Tanzania ya mwaka 2015, na zote mbili zinaihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya. Risiti ya duka la Toronto haitakusaidia Julius Nyerere wala Jomo Kenyatta. Kabla ya kufika huko, ndege nyingi hutua kwanza Dubai au Doha. Kagua mkoba wa mswaki na sabuni, mfuko wa pembeni wa begi la mgongoni, na mfuko wa ndani wa lile koti la baridi ambalo hujalivaa tangu Machi. Zile peremende zangu mbili nilizikuta humo, zimegandana na tishu.