Chai ya siagi ya Tibet: kuipika, kuisuka na kuimimina

Chai hii haiendi na maandazi. Ina chumvi na siagi, na ukiionja huku unawaza sukari utaitema. Ichukulie kama supu. Ndivyo alivyoniambia mama mmoja Mtibeti kule Dharamsala, enzi nasoma India.

1. Chemsha majani. Watibeti hutumia majani yaliyoshindiliwa kama tofali. Zamani misafara iliyabeba kutoka Ya'an, Sichuan, huko China. Ukiyakosa, tia vijiko vikubwa 2 vya majani ya chai ya kawaida kwenye vikombe 4 vya maji, uache yatokote hadi yawe meusi tii. Wao huongeza magadi ili rangi ikolee. Chembe tu! Yakizidi utakunywa sabuni.

2. Chuja, kisha tia robo kijiko cha chai cha chumvi, theluthi ya kikombe ya maziwa na vijiko vikubwa 2 vya siagi. Siagi yao hutoka kwa dri, jike la yak, ng'ombe wa manyoya marefu wa milima ya huko. Ya ng'ombe wa kawaida inatosha.

3. Suka. Chombo chao ni dongmo, pipa jembamba la mbao lenye mti wa kusukuma juu chini. Mimi natumia blenda, nusu tu, kifuniko nimekishika kwa kitambaa. Mara ya kwanza niliijaza, mvuke ukakirusha, ukuta mzima ukanuka siagi wiki nzima. Ukiona macho ya mafuta yanaelea kama kwenye mchuzi, bado. Endelea.

4. Andaa birika. La fedha ni la wageni na sikukuu kama Losar, mwaka mpya wao. Mara nyingi mkono wake ni joka, na mdomo unachomoza kinywani mwa makara, mnyama wa majini wa hadithi. Lisuuze kwa maji ya moto kwanza, siagi isigande ndani. Usilibandike jikoni. Fedha hupitisha joto upesi, kwa hiyo shika mkono wake kwa kitambaa.

5. Mimina. Lizungushe birika taratibu siagi ichanganyike, mimina kwa mikono miwili, ujaze kikombe hadi ukingoni. Mgeni akipiga mafunda mawili matatu, ongeza.

Hapo ndipo nilipopatikana. Kwetu kubakiza ni dharau, basi nikawa namaliza kila kikombe, na mama anajaza. Cha sita ndipo binti yake akaninong'oneza: kaka, ukitosheka kiache kimejaa, ukimalize ukiwa unaaga.