Kutafuta bakteria wa kuua viwavi wa sukuma wiki kwenye udongo wa Kisauni

Ukiingia shamba la sukuma huku Kisauni, Mombasa, gusa jani la chini kwa kidole. Kiwavi mdogo wa kijani atarudi kinyumenyume akijipindapinda, kisha atajiangusha aning'inie kwa uzi. Huyo ni mtoto wa nondo aitwaye Plutella xylostella, na dawa nyingi za dukani ameshazizoea.

Tunamtafutia Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Bakteria huyu hutengeneza fuwele za protini. Kiwavi akizila, fuwele hizo huyeyuka tumboni mwake, kwenye alkali kali, na kuutoboa utumbo. Kula huacha ndani ya saa chache. Kufa ni siku mbili tatu.

Hatua ya 1: Udongo. Chimba sentimita 5 penye kivuli, mahali pasipopigwa dawa. Ukikuta kiwavi aliyekufa, mweusi na laini, mwokote pia.

Hatua ya 2: Moto. Tia gramu 1 ya udongo kwenye mililita 10 za maji safi yaliyouliwa vijidudu, tikisa, kisha iweke chupa kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika 10. Bakteria wengi hufa, lakini spora, yaani chembe ngumu ambazo Bt hujigeuza ili kuvumilia shida, hubaki. Zimua, pakaza kwenye agari (chakula cha bakteria kilichogandishwa kama jeli), acha siku 3 kwa nyuzi 30.

Hatua ya 3: Hadubini. Usishangilie bado, maana spora za ukoo mzima wa Bacillus huhimili moto huo. Chagua makoloni (madoa ya bakteria waliokua pamoja) meupe yasiyong'aa, mfano wa nta ya mshumaa iliyomwagika, uyatazame kwa hadubini inayokuza mara 1000. Unatafuta spora ya umbo la yai na fuwele kando yake. Pasipo fuwele, tupa: huenda ni Bacillus cereus, nduguye anayewaharisha watu. Ndiyo maana dawa hii haichachushwi kwenye ndoo jikoni, video ziseme zisemavyo.

Hatua ya 4: Jaribio. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Chovya vipande vya majani kwa sekunde 10 katika viwango 5 vya Bt, vikaushe, weka viwavi 10 wa umri mmoja kila sahani. Sahani za majani yaliyochovywa maji matupu ni lazima, ili ujue kama viwavi wanakufa hata bila Bt.

Mara yangu ya kwanza nilinunua sukuma sokoni, mbichi, zinang'aa. Baada ya saa 48 viwavi wote chali. Nilikuwa nishampigia mwenzangu simu kujisifu kabla sijafunua sahani za maji. Na wao walikuwa chali! Majani yalikuja na sumu yake. Tangu siku hiyo sukuma za majaribio napanda mwenyewe, kwenye madebe nyuma ya maabara.

Hesabu tena saa 72. Vifo vichache kwenye maji virekebishe kwa fomula ya Abbott ya 1925, inayoondoa vifo ambavyo vingetokea hata bila dawa. Vikipita asilimia 20, anza upya.

Hatua ya 5: Shambani. Kwanza kibali cha PCPB, bodi ya Kenya inayodhibiti dawa za wadudu. Ukishakipata, piga dawa baada ya alasiri, maana jua letu huiua Bt upesi, na ulenge chini ya majani viwavi wakiwa bado wadogo. Badilisha na mbinu nyingine, kwani nondo huyu ameshajenga usugu kwa Bt katika nchi kadhaa.

Wakati unasubiri kibali, chupa za Bt zikae kwenye friji ya maabara. Zangu nimeziandika kwa wino mwekundu: SI MAZIWA. Mtu alishauliza.