Namna ya Kuwalinganisha Hakeem Olajuwon na Shaquille O'Neal

Anayetaka kuwalinganisha masenta hawa wawili wa mpira wa kikapu (senta ni mchezaji mrefu anayecheza karibu na kikapu) aandike kwanza umri wao kando ya kila msimu, kabla hajagusa takwimu nyingine yoyote. Olajuwon, aliyezaliwa Lagos mwaka 1963, alicheza NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, kuanzia 1984 hadi 2002. O'Neal, aliyezaliwa Newark mwaka 1972, aliingia mwaka 1992 na kustaafu mwaka 2011. Walikuwa pamoja katika ligi kwa misimu 10, lakini sehemu kubwa ya misimu hiyo mmoja alikuwa akipanda huku mwenzake akishuka.

Ndiyo maana mechi zao za ana kwa ana zisomwe kwa tahadhari. Katika fainali za 1995, Houston Rockets ya Olajuwon iliwafunga Orlando Magic ya O'Neal michezo 4 kwa 0, na wengi huishia hapo. Olajuwon, akiwa na miaka 32, alipata wastani wa pointi 32.8 kwa mchezo, naye O'Neal, mwenye miaka 23, alipata 28.0 na kumzidi kwa ribaundi (kudaka mpira baada ya mtupo kukosa), 12.5 dhidi ya 11.5. Mchezo wa kwanza ungeweza kuwa wa Magic, lau mchezaji wao Nick Anderson asingekosa mitupo huru minne mfululizo katika sekunde za mwisho. Miaka minne baadaye Los Angeles Lakers ya O'Neal iliwatoa Rockets katika raundi ya kwanza, lakini Olajuwon alikuwa na miaka 36, na kumhukumu kwa matokeo hayo si haki.

Njia bora ni kuwapima wakiwa na umri uleule. Kila mmoja alifika fainali akiwa na miaka 23 na kushindwa: Olajuwon mwaka 1986 mbele ya Boston Celtics, O'Neal mwaka 1995. Msimu huo O'Neal aliongoza ligi kwa wastani wa pointi 29.3, ilhali Olajuwon alikuwa na 23.5 alipokuwa na umri huo. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa katikati ya miaka ya 1980 michezo ilikwenda kasi zaidi na kila timu ilipata nafasi nyingi zaidi za kushambulia. Wastani wa pointi usiozingatia kasi hiyo hupotosha.

Baada ya hapo fanya hesabu ya mitupo huru, kwa maana hapo ndipo ubishi mwingi hukosa umakini. O'Neal alifunga asilimia 58.2 ya mitupo yake ya kawaida, ya pointi mbili mbili, yaani takriban pointi 1.16 kwa kila mtupo. Alipofanyiwa faulo na kupewa mitupo huru miwili, ya pointi moja moja, kwa asilimia yake ya 52.7, timu yake ilitarajia pointi 1.05 tu, na ndiyo sababu wapinzani walimfanyia faulo kwa makusudi. Kwa Olajuwon, aliyekuwa na asilimia 71.2, mbinu hiyo ingewapa Rockets pointi 1.42. Hata hivyo usimwonee O'Neal: alipiga mitupo huru 11,252 dhidi ya 7,621 ya mwenzake, na kila faulo ilimsogeza mlinzi wake karibu na kutolewa mchezoni kwa wingi wa faulo.

Katika ulinzi sioni nafasi ya ubishi mrefu. Olajuwon alizuia mitupo 3,830, idadi kubwa kuliko zote tangu NBA ilipoanza kuihesabu msimu wa 1973–74 (Bill Russell, senta wa zamani wa Celtics aliyesifika kwa ulinzi, bahati mbaya alikuwa ameshastaafu), na alikuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 1993 na 1994. O'Neal alizuia 2,732, na hakupenda kutoka mbali na kikapu kumfuata mpinzani ambaye mwenzake amesimama kumzuilia mlinzi njia.

Idadi ya ubingwa, 4 kwa 2, iwekwe mwisho, pamoja na majina ya wenzao. O'Neal alicheza na nyota Kobe Bryant, kisha Dwyane Wade. Mwaka 1994 Olajuwon alitwaa ubingwa akiwa mchezaji pekee wa Rockets aliyechaguliwa kwenye mchezo wa nyota (unaokutanisha wachezaji bora wa ligi) wa msimu huo. Kwa hiyo mimi humchagua Olajuwon kama mchezaji aliyekamilika zaidi, lakini nikiulizwa ni nani alikuwa mgumu zaidi kuzuiwa katika mfululizo mmoja, hujibu O'Neal wa fainali za 2000, aliyewapiga Indiana Pacers kwa wastani wa pointi 38.0 na ribaundi 16.7. Amua kwanza ni lipi kati ya maswali hayo mawili unalolijibu.