Kabla ya kupandisha ghorofa Mji Mkongwe

Mwenye nyumba Mji Mkongwe wa Unguja akitaka kujenga juu, kwanza huuliza ghorofa ngapi zinaruhusiwa. Swali hilo halitoshi, maana nyumba mbili zenye ghorofa sawa zaweza kupishana kimo kwa mita nzima au zaidi. Pima kwa mita: toka usawa wa njia hadi ukingo wa paa, kwako na kwa majirani wote mnaogusana kuta au kutazamana. Chora kingo zote kwenye mchoro mmoja. Ukiwapita wote, umevunja mstari wa mtaa.

Kisha piga hesabu ya kuonekana. Chukua kimo cha ukuta, toa mita 1.6, ambayo ni jicho la mtu aliyesimama. Zidisha kimo cha nyongeza, yaani ghorofa mpya, kwa umbali wa mtazamaji toka ukutani, gawa kwa jibu la kwanza. Utapata mita za kurudisha nyongeza ndani ili isionekane. Ukuta wa mita 9, nyongeza ya mita 2.7, kichochoro cha mita 3: unarudi mita 1.1 tu. Akisimama mtu mita 20 kutoka ukutani, ukuta uleule unadai mita 7.3. Wengi hukosea hapa: wanapima kichochoroni, halafu nyumba inachomoza ukiitazama toka Forodhani, bustani ya wazi ufukweni. Kwa nyumba za mbele, zinazotazama bahari, kurudi nyuma hakufichi kitu, usipande kabisa.

Sasa ukuta. Hizi ni kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, hazina nondo wala mkanda wa zege. Sakafu imebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba, upana wa takriban mita 3. Ukimwaga sakafu mpya ya zege yenye unene wa sentimita 15, ina kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 5 ni tani 5.4, bado kuta mpya, maji na watu. Ukuta haupasuki siku hiyo. Unafutuka polepole, ncha za boriti zinachomoka kwenye matundu yake, sakafu inakaa bila kushikwa.

Kwa hiyo, kwenye kila ufa gandisha kipande chembamba cha kioo kwa plasta, ncha zote mbili, uandike tarehe. Kiache masika yote. Kioo kikikatika, ukuta unatembea: tafuta kwanza maji yanakoingilia, hasa bomba la paa lililoziba.

Ziba nyufa kwa chokaa iliyolowekwa vizuri, ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga usio na chumvi. Lipu ya saruji inafungia unyevu ndani, na chokaa ya zamani inageuka unga nyuma yake.

Mchoro wa kingo, hesabu ya mrudisho na picha za vioo vyenye tarehe vipeleke pamoja na ombi la kibali kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kabla fundi hajagusa hata bati moja.